Kula Roma Bila Kukamuliwa: Jinsi ya Kupata Hoteli Nzuri za Wenyeji na Kulipa kwa Akili

Ukishuka kwa stage ya Nakuru saa saba mchana ukiwa na njaa, unajua cha kufanya. Unamwuliza mtu wa boda, "Boss, hapa chakula poa ni wapi?" Anakuonyesha kibanda nyuma ya soko, madereva wamejaa ndani, sufuria inafuka moshi. Unakula, unalipa kwa till, meseji inaingia, safari inaendelea.

Sasa jifikirie uko Roma. Hakuna mtu wa boda wa kuuliza. Mlangoni kuna kijana amevaa shati jeupe, anakuita kwa Kiingereza, menyu ina picha kubwa kubwa. Till hakuna. Bili inakuja na maneno ambayo hujawahi kuyaona. Na pesa uliyobeba ni ya siku nne tu.

Wateja wetu wengi hupitia Roma: mahujaji wanaoelekea Vatikani, mapadre na masista wanaosomea huko, na watu wa kilimo na serikali wanaoitwa mikutano ya FAO, IFAD na WFP, mashirika matatu ya Umoja wa Mataifa ambayo makao yake makuu yako Roma. Ndiyo maana somo la leo tumelifanyia huko. Ukilielewa vizuri, mengi utayatumia Paris, Lisbon au mji wowote wa Ulaya. Na tukisema hoteli hapa, tunamaanisha pa kula, vile tunavyosema nyumbani.

Kwanza: panga njia ya kulipa ukiwa bado nyumbani

Till ya hapa kwetu haifanyi kazi kwa hoteli ya Roma. Pesa iliyo kwa simu yako ni yako, lakini mashine ya pale mezani haiongei na pochi yako moja kwa moja. Unahitaji daraja. Kabla ya kupanda ndege, hakikisha mambo haya manne:

1. Njia mbili za kulipa, zisikae mahali pamoja. Kadi pepe iliyounganishwa na pochi ya simu ni nzuri kwa kulipia mtandaoni, mfano tiketi au kuweka nafasi ya meza. Lakini ikiwa haina kadi ya kushika mkononi na haiwezi kugusishwa kwa simu, mhudumu wa Roma hataweza kuitumia mezani. Beba kadi halisi ya benki pia, pamoja na euro chache za karatasi.
2. Fungua matumizi ya nje ya nchi. Kadi nyingi hufungwa kwa malipo ya nje mpaka mwenyewe uombe. Omba mapema. Kadi ikikataliwa saa tatu usiku ukiwa umeshakula, hiyo aibu si ndogo.
3. Washa rominga ya laini yako ya Kenya. Nambari ya siri ya mara moja huja kwa meseji kwenye laini hiyo. Ukiing'oa ili uweke laini ya huko, umejifungia nje ya pesa zako. Kama simu yako inabeba laini mbili, weka zote.
4. Andika makato. Uliza kiwango cha kubadilisha shilingi kuwa euro, na ada ya malipo ya nje. Andika kwa karatasi. Katika mifano yetu tutatumia euro 1 kwa shilingi 150 ili hesabu iwe rahisi. Wewe angalia kiwango cha siku yako.

Kumbuka pia saa. Roma iko nyuma ya Kenya kwa saa moja wakati wa kiangazi chao, na saa mbili wakati wa baridi. Ukikwama na kadi saa nne usiku huko, nyumbani ni usiku wa manane. Weka nambari ya dharura ya benki yako kwa karatasi, isiwe kwa simu pekee.

Pili: ondoka kwa barabara ya watalii

Hoteli iliyo mkabala na Colosseum au Pantheon haihitaji urudi kesho. Kesho kutakuwa na wageni wapya. Ile ya mtaani inahitaji jirani arudi Jumanne ijayo, kwa hivyo inapika vizuri na inalipisha bei ya kawaida. Siri kubwa ni hiyo: tafuta mahali ambapo mteja wa kawaida ni mtu anayeishi pale.

Tembea dakika kumi au kumi na tano kutoka kwa kivutio chochote. Ukiwa kwenye mkutano wa FAO, chapa mguu hadi mtaa wa Testaccio; haufiki mbali. Mtaa huu ulikuwa na kichinjio kikubwa cha jiji tangu mwisho wa karne ya 19 hadi mwaka 1975. Wafanyakazi wake walikuwa wakipewa sehemu ambazo matajiri hawakuzitaka: matumbo, mkia, maini. Kwa hizo wakazi walitengeneza mapishi ambayo leo ni fahari ya Roma. Kwa hivyo ukiona *trippa alla romana* kwenye menyu, usishtuke. Ni matumbo ya ng'ombe kwa nyanya, mnanaa na jibini. Mtu aliyelelewa na matumbo ya Jumamosi atajisikia nyumbani. Na ukicheki, hata wao kwa desturi ya zamani Jumamosi ndiyo siku ya matumbo.

Soko la Testaccio lina vibanda vya chakula cha mchana: mikate iliyojazwa nyama, pasta, mboga. Hufunguliwa Jumatatu hadi Jumamosi, lakini alasiri hufungwa. Nenda mchana, si jioni.

Dalili za hoteli ya wenyeji:

- Menyu ni fupi, na iko kwa Kiitaliano kwanza. Wakati mwingine imeandikwa kwa mkono na hubadilika kila siku.
- Hakuna mtu wa kukuvuta kutoka nje.
- Imefungwa mchana kati. Chakula cha mchana huko ni kama saa sita na nusu hadi saa nane na nusu. Cha jioni huanza saa moja na nusu usiku au saa mbili. Hoteli inayopika pasta saa kumi jioni inapikia wageni. Mlangoni saa huandikwa kwa mtindo wa 12.30 hadi 14.30, kwa hivyo ondoa saa sita ndipo usome kwa Kiswahili.
- Ndani kuna wazee, familia, na watu wa kazi wenye nguo za kazi.

Dalili za kukimbia: picha za chakula zilizofifia kwa jua, bendera za nchi sita kwenye menyu, maneno *menu turistico*, na menyu isiyo na bei. Hiyo ya mwisho usiisamehe hata siku moja.

Tatu: usiamini nyota peke yake

Wengi wetu tukifika tunafungua Google Maps na kuchagua yenye nyota nyingi. Si vibaya, lakini kuna kisa cha kukumbuka. Mwaka 2017 mwandishi Mwingereza Oobah Butler aliandikisha kibanda kilichokuwa kwenye ua wa nyumba yake London kama hoteli. Hakikuwa na jiko la biashara, hakikuwa na mteja hata mmoja. Marafiki wake waliandika maoni ya kusifu, na baada ya miezi michache kikawa hoteli namba moja ya London kwenye TripAdvisor. Watu walikuwa wanapiga simu kuomba meza ambayo haipo.

Kwa hivyo soma maoni hivi:

- Chuja kwa Kiitaliano. Bonyeza kutafsiri. Mwenyeji akilalamika kuwa "zamani palikuwa pazuri", msikilize.
- Anza na maoni mapya, kisha yale ya nyota mbili na tatu. Wenye nyota tano husifu tu, wenye nyota moja wana hasira. Ukweli mara nyingi uko katikati.
- Angalia picha za bili na menyu ambazo wateja wameweka. Hapo ndipo utajua bei halisi kabla hujaketi.
- Tafuta neno moja linalojirudia. Watu kumi tofauti wakitaja "bili ilikuwa na vitu ambavyo hatukuagiza", hiyo si bahati mbaya.

Kuna pia vitabu vya wenyeji. Slow Food hutoa mwongozo uitwao *Osterie d'Italia*, na Gambero Rosso nao wana wao. Hoteli nyingi hubandika stika zao mlangoni. Angalia mwaka ulioandikwa. Stika ya miaka kumi iliyopita inakuambia habari za mpishi ambaye huenda alishahama.

Na njia ya boda boda bado inafanya kazi. Muulize mwenye duka la dawa, mlinzi wa jengo la mkutano, au sista mnayeishi nyumba moja. Usimwulize, "Hoteli nzuri ni ipi?" Atakupeleka ya watalii akidhani ndiyo unataka. Muulize, "Wewe Jumapili unakula wapi na familia?"

Nne: soma menyu kama mtu wa hesabu

Hapa ndipo pesa huenda. Mwaka 2019 habari ilisambaa duniani kuhusu watalii wawili Wajapani waliolipishwa karibu euro 430 kwa sahani mbili za spageti ya samaki na maji, ikiwemo bakshishi ya euro 80. Wenye hoteli walijitetea. Iwe ni nani alikuwa na haki, sisi tunataka bili kama hiyo isikupate. Jifunze maneno haya:

Etto. Ni gramu 100. Samaki na nyama nyingine huuzwa kwa kipimo hiki. Ukiona samaki ameandikwa 7 na pembeni *all'etto*, hiyo si bei ya samaki. Samaki wa gramu 600 ni etto 6, yaani euro 42. Wewe ulidhani unalipa shilingi 1,050, kumbe ni 6,300. Kabla hajapikwa, omba apimwe mbele yako na uambiwe bei yake yote.

Coperto, pane, servizio. *Coperto* ni ada ya kuketi mezani, ya kila mtu. Kwenye mkoa wa Lazio, ambako Roma iko, sheria ya mkoa ya mwaka 2006 iliipiga marufuku. Ndiyo maana Roma utaona zaidi *pane*, yaani mkate. Mkate ukiletwa bila kuagizwa na huutaki, sema mapema urudishwe. *Servizio* ni ada ya huduma, na inafaa iwe imeandikwa kwenye menyu. Kama imeshalipishwa, bakshishi ya pili ya nini? Kwa kweli, Italia bakshishi si lazima. Wenyeji huacha sarafu kidogo wakifurahi. Mhudumu akikuambia "tip haiko ndani" huku akikupa mashine, unaweza kukataa kwa upole.

Acqua. Maji mezani ni ya chupa na unalipia. Lakini barabarani Roma ina zaidi ya mifereji 2,000 ya chuma iitwayo *nasoni*, maji safi ya kunywa yanayotiririka bure. Beba chupa yako.

Al banco. Maana yake ni kaunta. Kahawa ukiinywa umesimama kwenye kaunta ni euro 1 na senti kadhaa. Kahawa hiyo hiyo ukiketi kwenye uwanja maarufu inaweza kupanda mara kadhaa. Bei hubandikwa ukutani, kwa hivyo soma kabla hujavuta kiti.

Kwa wale wasiokula nguruwe: pasta tatu kati ya nne maarufu za Roma, yaani *carbonara*, *amatriciana* na *gricia*, hupikwa kwa *guanciale*, nyama ya shavu la nguruwe. Ya nne, *cacio e pepe*, ni jibini na pilipili manga tu. Neno la kubeba ni *senza maiale*, bila nguruwe. Lakini bila nguruwe si sawa na halali. Ukitaka halali, tembea eneo la Esquilino karibu na stesheni ya Termini, ambako kuna wachinjaji wa Kiislamu. Maeneo hayo pia utapata hoteli za Waethiopia na Waeritrea. Siku ya tatu ya pasta, injera na wat ya moto huwa kama barua kutoka nyumbani.

Tano: wakati wa kulipa, chagua euro

Umekula vizuri. Unasema *il conto, per favore*, yaani bili tafadhali. Fanya hatua hizi kwa utaratibu:

1. Soma bili mstari kwa mstari. Usichoagiza, uliza. Hakuna ubaya.
2. Mashine ije kwako, au wewe uiendee. Kadi isiondoke machoni pako. Ficha PIN kwa mkono. Na usichanganye: PIN ya kadi ni moja, PIN ya pochi ya simu ni nyingine. Hakuna hoteli duniani inayohitaji PIN ya pochi yako.
3. Mashine ikikuuliza shilingi au euro, chagua euro. Swali hili linaonekana kama msaada, kwa sababu shilingi unaielewa. Lakini ukichagua shilingi, kiwango cha kubadilisha kinawekwa na wenye mashine, na mara nyingi ni kibaya kuliko cha kadi yako.

Tuone kwa hesabu. Bili: pasta euro 12, mboga 5, maji 2.50, mkate 2. Jumla euro 21.50. Kwa 150 ni shilingi 3,225. Tuseme mashine inakupa shilingi kwa kiwango cha 162. Utalipa 3,483. Tofauti ni shilingi 258 kwa mlo mmoja. Kwa milo minane ni shilingi 2,064, na hujaongeza hata kijiko cha mboga.

4. Chukua risiti na uilinganishe na meseji ya kadi. Italia hoteli ina wajibu wa kukupa risiti. Piga picha ili ukihitaji kulalamika uwe na ushahidi.

Ukiambiwa "mashine imeharibika, leta pesa taslimu", jua kwamba tangu tarehe 30 Juni 2022 mfanyabiashara wa Italia anayekataa kadi anaweza kutozwa faini. Uliza tena kwa upole. Mara nyingi mashine hupona ghafla.

Ikibidi utoe pesa taslimu, tumia ATM ya benki au ya posta, iliyo kwenye ukuta wa jengo lenyewe. Zile zinazosimama peke yake karibu na maduka ya ukumbusho mara nyingi zina ada kubwa. Na swali la shilingi au euro litakuja tena. Jibu ni lile lile.

Sita: matapeli wanajua una njaa

- Ukiombwa amana ya kuweka meza kupitia meseji, usitume kwanza. Fungua tovuti ya hoteli mwenyewe au piga simu iliyo pale. Hoteli nyingi za mtaani hazihitaji amana, zinahitaji jina na saa tu.
- Menyu ya msimbo wa kuskani ikikufungulia ukurasa unaoomba nambari za kadi kabla hujaagiza, funga. Omba menyu ya karatasi.
- Ukilipia mtandaoni, tumia kadi pepe yenye kikomo kidogo. Ukimaliza, ifunge kwa muda. Mwizi akipata nambari, atakuta mlango una kufuli.
- Usifungue pochi yako kwa waifai ya bure ya hoteli. Tumia data yako.

Bajeti ya siku moja

Tuseme una euro 40 za chakula kwa siku, sawa na shilingi 6,000:

- Asubuhi, kahawa ya maziwa na andazi lao liitwalo *cornetto*, umesimama: euro 3.
- Mchana, pizza ya kukatwa inayouzwa kwa uzito, na *supplì*, mviringo wa wali wa kukaanga: euro 10. Uliza kama una nyama. Kwa pizza, onyesha kwa mkono kipande unachotaka kabla kisu hakijashuka.
- Jioni, hoteli ya mtaani kama kwenye hesabu yetu: euro 21.50.

Jumla euro 34.50. Umebaki na euro 5.50 ya dharura, na umekula kama mtu wa pale.

Jipime

1. Nyama imeandikwa 5.50 *all'etto*. Kipande ni gramu 800. Utalipa ngapi?
2. Mashine inakuonyesha "KES 4,860" na "EUR 30". Unabonyeza gani, na kwa kiwango cha 150 unaokoa ngapi?
3. Mhudumu anaomba nambari ya siri iliyokuja kwa meseji "ili amalizie malipo". Unafanya nini?

Majibu: (1) Euro 44, yaani shilingi 6,600. (2) Euro. Unaokoa shilingi 360, kabla ya makato ya kadi yako. (3) Humpi. Nambari hiyo unaiweka mwenyewe, na tu kwa malipo uliyoyaanzisha wewe. Kama hukuanzisha, funga kadi na upigie benki.

Mgeni hula alichopewa, wahenga walisema mengi ya aina hiyo. Lakini mgeni anayelipa mwenyewe ana haki ya kuuliza bei. Ukienda Roma, uliza kabla ya kuketi, uliza kabla samaki hajaingia jikoni, na usome kabla ya kubonyeza. Kisha weka simu chini, ule ukiwa moto.

Kama kuna mtu wako anajiandaa kusafiri, mtumie somo hili leo, kabla hajafunga begi. Safari njema, na chakula chema.